Wabanguaji wa korosho tuungane vipi ili kilo ipande bei?

Mama_Shangani: Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara. Kiwandani tupo wabanguaji 180, wengi kina mama, malipo kwa kilo. VICOBA vitatu vya mtaani na AMCOS, ushirika wa wakulima, wako nasi. Barua ya madai ipo tayari, ina mhuri wa VICOBA. Swali: mhuri huo unatosha mwajiri akae mezani? Naombeni haraka, usingizi sipati.

Mzee_wa_Mahuta: AMCOS wana yao, binti. Mkulima anataka korosho ghafi ipande bei mnadani. Ikipanda, mwenye kiwanda anabana kwenye kilo yenu. Watakupa pole, mezani hawaji.

Katibu_Tawi: Mhuri hautoshi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 67: anayejadiliana ni chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kitengo. Kwenu ni 91. Kiwandani waoneni TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara. Kila mmoja ajaze TUF.6, fomu ya kukubali ada ya chama ikatwe, kwa mkono wake, maana sahihi zikifanana mwajiri atazikataa zote. Chama kinampa mwajiri taarifa, ana siku 30 za kukutana nacho. Akikwepa, mnakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. VICOBA vitumieni kukusanya watu, na mfuko wao wa jamii uwe akiba ya siku mbaya. Ila dada, karatasi ya malipo ina jina la nani?

Mama_Shangani: Malipo ni malipo, kaka.

Katibu_Tawi: Jina la nani?

Mama_Shangani: Haya. La wakala anayetulipa. Kiwandani majina yetu hayapo. Lakini mizani yao, zamu zao, msimamizi wao! Sioni kinachobadilika. Jumatatu tunaweka zana chini, watu wameshaambiwa.

Katibu_Tawi: Kinabadilika chote. Kiwanda kitajibu "hawa si wangu" na zile fomu 91 hazina pa kuhesabiwa. Someni kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi: anayesimamiwa na mtu, au akampigia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu, au akapewa zana naye, huchukuliwa kuwa mwajiriwa wake mpaka ithibitike vinginevyo. Basi kila jioni andikeni tarehe, saa, kilo, na jina la aliyepima. Mkifika CMA, fomu F.1 iwataje wakala na kiwanda, wote wawili. Jumatatu hapana. Kugombea bei ni mgogoro wa maslahi: usuluhishi siku 30, kura ya mgomo, halafu notisi ya saa 48. Mkiruka hatua hizo mtafukuzwa, na kujitetea kutakuwa kugumu.

Ustadh_K: Subira, dada zangu. Riziki haigombewi.

Dogo_Ligula: Mgomo ukiwepo nijulisheni, nilete maandazi getini.

Chikongola1: Hii chai, uongo mtupu. Masika hii kiwanda gani kina ghafi? Bei ya kilo hajataja, hatua za chama anataka zote. Huyu HR anachungulia.

Mama_Shangani: Ghala lina mzigo wa msimu. Bei nikitaja, kesho najulikana. HR gani anajua majivu yakiisha mafuta ya ganda yanavyochuna vidole? Jioni wanakata kilo nzima ya uzito wa ndoo, na ndoo yenyewe haifiki hata nusu kilo!

Katibu_Tawi: Hilo la ndoo ndilo la kuanza nalo, halisubiri 91. Pimeni ndoo tupu mbele ya mashahidi, mpige picha namba za mizani na stika ya uhakiki, kisha VICOBA wapeleke malalamiko Wakala wa Vipimo. Siyo huyo wakala wenu.

Chikongola1: Ndoo imeniingia. Mengine bado chai.

Katibu_Tawi: TUF.6 ngapi zimejazwa?

Mama_Shangani: 14. Lakini Jumatatu watu wameshaambiwa, kaka.