Grenda inazima ikipata joto na kurudi nikiipiga kofi: nianzie wapi kutafuta hitilafu?

Mchomeleaji, Morogoro (muuliza)

Habari zenu ndugu zangu. Ninafanya kazi ya kuchomelea mageti na grili za madirisha hapa Morogoro, na grenda ninayoitumia ni ile ndogo ya diski ya milimita 115, yenye mota ya wati 750, ambayo nimekaa nayo miaka mitatu bila kunisumbua. Wiki mbili zilizopita ilianza kupungua nguvu, ikawa inatoa cheche nyingi kwenye matundu ya hewa ya nyuma, kisha ikazima kabisa. Nilipoifungua nilikuta kaboni (vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) zimekwisha, nikanunua jozi nyingine kwenye duka la vipuri, nikazifunga, na kwa siku mbili ikafanya kazi kama iliyotoka dukani jana.

Tangu siku ya tatu ina tabia ambayo siielewi. Asubuhi inawaka vizuri, lakini nikishakata skwea paipu kwa dakika kumi hivi na mwili wake ukapata joto, inazima ghafla. Nikiipiga kofi ubavuni inarudi, inafanya kazi dakika moja au mbili, halafu inazima tena. Nikiiacha ipoe wakati ninakunywa chai, inaamka kana kwamba haijawahi kuugua. Nilimpelekea fundi wa jirani, ikawaka kila alipoijaribu, akanirudishia akisema nzima. Naomba mnielekeze namna ya kuitafuta hitilafu hii, kwa sababu ninaambiwa ninunue amecha mpya, yaani hiyo sehemu ya mota inayozunguka, na bei yake si ya kubahatisha.

Fundi madirisha, Kahama

Pole sana ndugu. Mimi yangu ilifanya hivyo hivyo na tatizo lilikuwa swichi. Vumbi la chuma huingia ndani, kontakti zikaungua, zikawa zinashika na kuachia. Niliondoa swichi, nikaunga waya moja kwa moja, na tangu hapo ninaiwasha na kuizima kwenye soketi. Jaribu hivyo, ikikubali utajua kuwa ni swichi.

Msokota mota, Dar es Salaam

Ndugu wa Kahama, swichi kuwa na vumbi ni jambo la kweli na tutalifikia, lakini ushauri wa kuiunga moja kwa moja ninaomba muuliza asiufuate hata kwa majaribio. Grenda ya namna hii huzunguka takribani mara 11,000 kwa dakika. Ikiwa haina swichi, diski ikinasa kwenye chuma huna njia ya kuizima isipokuwa kukimbilia soketi huku mashine inakuruka mkononi. Na ikiwa hitilafu yenyewe ni ya kuja na kuondoka, itazima, utaiweka chini karibu na mguu au juu ya waya wake, kisha itawaka yenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, muuliza, wakati wote hitilafu hii haijapatikana usiifunge swichi yako kwenye kile kitufe cha kuishikilia, na kila inapozima achia swichi na uchomoe plagi kabla ya kufanya lolote. Hilo kofi unaloipiga, natumaini huipigi ikiwa bado ina umeme.

Sasa tuje kwenye hitilafu yenyewe. Fundi wako wa jirani aliipima ikiwa nzima, ndiyo maana hakuona kitu. Hitilafu ya kuja na kuondoka hupimwa ikiwa imeshazima, kabla haijapoa na kabla haijapigwa kofi, kwa sababu kofi linafuta ushahidi wote. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote nijibu haya: je, taa iliyo kwenye ekstensheni hiyo hiyo hubaki inawaka grenda inapozima? Je, huzima zaidi ukiinamisha au ukipinda waya? Je, kabla ya kuzima hupungua mwendo na kutoa cheche, au hukatika mara moja? Na je, una mita ya kupimia umeme?

Fundi wa jua kali, Kamukunji, Nairobi

Nakubaliana na fundi wa Dar kuhusu swichi. Mimi ningeongeza waya. Kwenye grenda, waya hukatika ndani pale shingoni, unapoingilia kwenye mpira wa mkia, kwa sababu ndipo unapopindwa siku nzima. Ganda la nje hubaki zima na nyuzi za shaba ndani zimebaki mbili tatu. Fungua pia plagi yenyewe, kwa kuwa plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi, na kishikio cha fyuzi kikilegea hupata joto na kukatiza umeme. Usishtuke ukikuta waya una nyuzi mbili tu bila ya ethi (waya wa ardhini): grenda nyingi zina ganda lenye insulesheni mara mbili, na alama yake ni mraba ndani ya mraba kwenye kibandiko.

Jambo la pili, na hili ndilo linalonitia shaka zaidi: ulisema shida ilianza baada ya kubadilisha kaboni. Ulizilinganisha na za zamani kwa kipimo, au kwa macho?

Mchomeleaji, Morogoro (muuliza)

Nawashukuru. Taa haizimi. Nimeupinda waya kila upande grenda ikiwa inazunguka bila diski na haikubadilika. Plagi nimeifungua, fyuzi imeshika vizuri. Kabla ya kuzima hutoa cheche kwa nukta chache, sauti inakwaruza kidogo, ndipo inakatika. Mita ninayo. Kaboni, nakiri, nilizilinganisha kwa macho pale kaunta, na muuzaji alisema zinaingia.

Msokota mota, Dar es Salaam

Cheche kabla ya kukatika zinatuondoa kwenye waya na plagi na kutupeleka ndani. Fanya hivi. Itumie mpaka izime, achia swichi, chomoa plagi, usiipige. Weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), shika miguu miwili ya plagi inayopeleka umeme, bonyeza swichi. Katika mota hii umeme hupita kwenye swichi, koili za pembeni, kaboni moja, amecha, kaboni ya pili na kurudi, vyote vikiwa mnyororo mmoja, kwa hiyo ikiwa mzima mita itasoma omu chache tu. Isiposoma kitu, mnyororo umekatika, na kazi ni kujua ni pete ipi. Hapo fungua kifuniko cha nyuma taratibu bila kuitikisa, mtu wa pili aendelee kubonyeza swichi, nawe chukua kijiti kikavu cha mti usukume kaboni moja kuelekea kwenye komyuteta (ile duara ya vipande vya shaba kwenye amecha ambayo kaboni huigusa), kisha nyingine. Mita ikirudi ukisukuma kaboni, umempata mwizi. Isiporudi, pima swichi peke yake, kisha koili.

Amecha iache iwe ya mwisho. Ukifika huko, pima kila vipande viwili vya shaba vinavyofuatana kwenye komyuteta, uzunguke vyote. Usomaji ukilingana pande zote amecha haijakatika, na ukiruka sana sehemu moja ndipo uzungumze habari ya kununua.

Mchomeleaji, Morogoro (muuliza)

Nimerudi na majibu. Leo mchana ilizima baada ya robo saa. Mita haikusoma kitu. Mwanafunzi wangu alibonyeza swichi, nikasukuma kaboni ya kulia, kimya. Nikasukuma ya kushoto, mita ikasoma omu 8. Nikaitoa kaboni ile kwa shida, ilikuwa imekwama ndani ya kishikio chake cha shaba na springi haikuweza kuisukuma. Nimepima kwa vernia: kipande cha zamani nilichokihifadhi kina unene wa milimita 5.0, na hiki kipya ni 5.2. Ikiwa baridi inateleza kwa kusitasita, ikipata joto na vumbi inakaza. Bila shaka kofi ndilo lililokuwa linaikwamua.

Fundi wa jua kali, Kamukunji, Nairobi

Ndiyo hiyo. Ukipata zenye kipimo sahihi nunua. Usipozipata, tandaza msasa laini juu ya kioo, usugue ubavu wa kaboni kwa mkono mwepesi ukipima kila mara, mpaka iteleze yenyewe ndani ya kishikio bila kuyumba. Ukiisugua kupita kiasi itacheza na cheche zitarudi. Zisugue zote mbili hata kama moja tu ndiyo iliyokwama. Kishikio ukisafishe kwa kitambaa kikavu, usitie mafuta wala grisi. Vumbi la kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo lipulize litoke nje kwa kompresa, ukiwa umevaa barakoa na miwani, na ukiwa hapo puliza na swichi pia, ndugu wa Kahama hakukosea kabisa.

Mchomeleaji, Morogoro (muuliza)

Nimezisugua zote mbili mpaka 5.0, nimeifunga na kuizungusha bila mzigo dakika kumi na tano ili kaboni zikae. Kisha nimekata paipu za geti zima, kwa muda wa saa mbili na nusu, haijazima hata mara moja. Cheche zimebaki ndogo za buluu chini ya kaboni. Je, hizo nazo ni tatizo?

Msokota mota, Dar es Salaam

Hapana, hizo ni za kawaida kwa kaboni mpya. Ukiona moto unaozunguka komyuteta yote kama pete, izime na uilete kwenye mita tena. Na kaboni zikibaki milimita tano au sita kwa urefu zibadilishe, safari hii nenda dukani na vernia mfukoni.