Acheni kutuuzia pono "jozi" ambao hakuna aliyewakagua jinsia

Wakuu, hii biashara ya kuuza pono wa matangini (wrasse, samaki wa baharini wa mapambo) kwa jina la "jozi" imepitiliza. Muuzaji anachota samaki wawili, mwenye rangi kali anamwita dume, aliyepauka anamwita jike, na bei inapanda hapohapo. Miezi michache baadaye mnunuzi ana madume wawili: mmoja mapezi yamechanika, mwingine karuka nje kakauka sakafuni. Akiuliza, anajibiwa kwamba maji yake ni mabaya.

Maji hayahusiki! Pono wa jenasi za Cirrhilabrus, Paracheilinus, Halichoeres na Macropharyngodon tunaowafuga kwa kawaida huanza wakiwa majike, na jike mkubwa hugeuka dume pale asipokuwepo dume wa kumtawala. Kwa Thalassoma bifasciatum, yule ambaye dume wake ana kichwa cha buluu, jambo hili limechunguzwa sana. Ukimtoa dume, jike mkubwa huanza kufukuza wenzake ndani ya dakika au saa chache, na kwa takriban siku 8 hadi 10 ovari zake zimeshakuwa korodani zinazotoa mbegu. Kimeng'enya cha aromatasi, kinachotengeneza estrojeni (homoni ya kike), hushuka, estrojeni hupungua, homoni za kiume hupanda. Rangi kamili ya dume hukamilika baada ya tabia kubadilika zamani. Anayeamua jinsia kwa rangi peke yake amechelewa. Tena katika spishi hiyohiyo wapo madume wanaozaliwa na rangi ya njano ya majike, kwa hiyo unjano wa samaki hauthibitishi kwamba ni jike.

Kukagua inawezekana, ni uvivu tu. Jike wa Cirrhilabrus mara nyingi ana doa jeusi upande wa juu wa shina la mkia. Doa likianza kufifia, mistari ya buluu ikajitokeza kwenye mapezi na mapezi ya tumboni yakarefuka, huyo yuko njiani kugeuka. Kwa Paracheilinus tazama pezi la mgongoni: nyuzi zikianza kuchomoza, usimnunue kama jike. Dai picha ya ubavu iliyopigwa chini ya taa nyeupe, maana taa za buluu huficha yote haya.

Na nyie mnaoshauri watu "nunua wawili wadogo, watajipanga wenyewe", mnawaharibia. Huo ni ushauri wa samaki wa anemoni, Amphiprion. Wale huanza wakiwa madume, mkubwa anakuwa jike, na mdogo anabaki dume chini yake. Pono huenda kinyume. Mkubwa akishageuka dume, wa pili akimkaribia kwa ukubwa naye anaweza kumfuata, na hapo vita huanza. Msitegemee aliyegeuka dume arudi kuwa jike. Imeonekana kwa Labroides dimidiatus kwamba dume aliyepoteza majike wake akikutana na dume mkubwa zaidi anaweza kurudi kuwa jike, lakini huwezi kupanga tangi lako kwa matumaini hayo.

Kosa lingine ni kumtoa dume peke yake kwa matibabu ya wiki kadhaa. Akirudi anakuta kiti chake kimeshakaliwa. Kama ni ugonjwa wa kuambukiza, toa kundi zima mtibu pamoja. Wale waliobaki nao wameshaguswa na vimelea.

Anayetaka kundi litulie achukue dume mmoja aliyekamilika wa kila spishi na majike watatu walio wadogo waziwazi kuliko yeye. Majike watangulie, wakae mpaka wanakula bila woga. Dume aingie mwisho, ndani ya kisanduku angavu chenye matundu kilichoning'inizwa tangini, siku 3 hadi 7. Akitanua mapezi na kutetemeka mbele ya jike, huko ni kutongoza. Akigonga ukuta wa kisanduku bila kukoma, au jike akijibanza pembeni haji kula, usifungue. Lisheni kidogokidogo mara 2 au 3 kwa siku, maana njaa huongeza ugomvi. Juu funika kwa wavu wa matundu ya milimita 6, kingo zote, hata pale nyaya zinapopita. Halichoeres na Macropharyngodon wapewe mchanga laini wa kina cha sentimita 5 au zaidi. Wakijifukia siku kadhaa baada ya kuingia, msiwachimbe. Cirrhilabrus hawajifukii, hulala kwenye mapango ya mawe ndani ya utando wa ute.

Wauzaji, tunachodai si kikubwa. Andikeni urefu wa kila samaki kwa sentimita, hatua ya rangi aliyofikia, anakula nini, na muda gani hao wawili wamekaa tangi moja bila kizuizi kati yao. Kama jinsia haijulikani, andikeni haijulikani, na muuze kila samaki kwa bei yake mwenyewe.