Nimepaka dawa watu 11 wenye ngozi nzima, hakuna aliyewashwa. Inatosha?

Parachichi_Uyole:
Wakuu habari za usiku. Naombeni ushauri, matusi wekeni pembeni kidogo.

Nipo Uyole, Mbeya. Nimetengeneza dawa ya kupaka ya fangasi wa ngozi: mashilingi, mapunye ya watoto, vile vipele vya mgongoni. Ndani kuna mafuta ya parachichi, nta ya nyuki, salfa, na zile asidi mbili za kwenye marhamu ya Whitfield. Sikutaka kuuza kitu ambacho sijakijaribu, nikatafuta watu wenye ngozi nzima kabisa, hana upele hana kidonda, nione ngozi inaivumilia vipi. Nikapata 11. Nimewapaka, nikafunika na plasta siku mbili, nikabandua. Hakuna aliyewashwa. Hakuna kipele hata kimoja.

Swali: 11 wanatosha au nifikishe 20? Na wakiwa ni watu mnaofahamiana inahesabika? Nimeshalipia meza ya Nanenane pale John Mwakangale, kwa hiyo muda sio rafiki. Nawasilisha.

Kande_Moto:
Nimevuta stuli. Kuna anayeuza karanga humu?

Bro_Tunduma:
11 wanatosha sana mkuu, hata watatu wanatosha. Mimi sabuni ya maji nilimjaribishia mke wangu peke yake na leo nina pikipiki tatu barabarani. Shida yako sio ngozi, shida yako ni kopo. Huku mpakani kopo lenye kifuniko cha rangi ya dhahabu linaondoka lenyewe hata ukiweka mafuta ya kupikia. Njoo inbox nikuelekeze.

Mama_Tumsifu:
Mwanangu, mimi nikisikia mtu anajaribu vitu kwenye ngozi za watu nakumbuka mdogo wangu. Alipakwa mkorogo saluni moja pale Soweto wiki mbili kabla ya harusi. Siku ya harusi uso ni wa mtu mwingine, vidole vimebaki vyeusi kwenye viungo, shela ndiyo ilituokoa. Mume alivumilia, Mungu ambariki. Mpaka leo akipita jua la saa sita anawashwa. Ngozi haina spea. Umewaombea hao watu 11 kabla ya kuwapaka?

Dirisha_la_Dawa:
Mtoa mada, idadi iache kwanza. Mimi nakaa dirishani nauza dawa, sio daktari wa ngozi, lakini nijibu haya:

Ulipaka sehemu gani ya mwili? Ulisoma matokeo lini, ulipobandua tu au ulirudia? Pembeni ya dawa yako ulibandika kitu kisicho na dawa, mfano mafuta mgando matupu, cha kulinganishia? Na hao watu waliambiwa ndani kuna nini?

Parachichi_Uyole:
Mkuu Dirisha asante kwa kuuliza vizuri. Nilipaka mkono kwa ndani, karibu na kiwiko. Nilisoma nilipobandua. Cha kulinganishia sikuweka, mkono wa pili si upo? Waliambiwa ni dawa ya asili. Ni wanakwaya wenzangu, kila mmoja nilimpa soda na 5,000.

Halafu sikuishia siku mbili, wakaendelea kupaka wenyewe asubuhi na jioni wiki tatu. Hakuna malalamiko. Ngozi imelainika mpaka wanashikana mikono mazoezini. Wanne hapo wanapopaka pamekuwa peupe kidogo, tena wanapapenda.

Kande_Moto:
Sauti ya kwanza, sauti ya pili, sauti nyeupe.

Dirisha_la_Dawa:
Rudi hapo kwenye peupe.

Kwanza nikueleze kwa nini siku mbili hazikutoshi. Kwenye kliniki za ngozi kipimo cha kubandika hukaa mgongoni juu saa 48. Ukibandua unasubiri kidogo alama ya plasta yenyewe itulie, unasoma, unazungushia kalamu, halafu mtu anarudi siku ya tatu au ya nne usome tena. Kama dawa imechoma tu ngozi, wekundu huwa unapungua baada ya kubandua. Kama ni mzio, unapanda. Ukisoma mara moja huwezi kutofautisha. Na kwa ngozi zetu usisubiri kuona wekundu, hautauona vizuri: pitisha kidole macho yamefumbwa, utasikia uvimbe na vipele vidogo kama mchanga. Halafu mtu ambaye hajawahi kukutana na kitu, mwili unahitaji kama siku 10 hadi 14 kujifunza kukichukia. Kwa hiyo siku mbili safi za mtu mgeni hazisemi chochote kuhusu mzio.

Hapo kwenye wiki tatu ulikaribia kufanya jambo la maana bila kujua. Lakini salfa haipaukishi mkono. Parachichi nalo halipaukishi, lingekuwa linapaukisha Rungwe nzima wangekuwa Wazungu. Umeweka nini kingine?

Parachichi_Uyole:
Mkuu kila biashara ina siri yake. Hata wa soda hawasemi.

Bro_Tunduma:
Nakazia. Usiseme, humu kuna watu wanakopi.

Dirisha_la_Dawa:
Basi niseme mimi. Mwaka 1962 wataalamu wawili, McKenzie na Stoughton, walipima nguvu za dawa za steroidi, zile za kutuliza muwasho na uvimbe, kwa kuzipaka kwenye ngozi nzima ya mkono na kuangalia ngozi inapauka kiasi gani, maana zinabana mishipa midogo ya damu. Hiyo ya saa chache inarudi. Ukipaka wiki kwa wiki, rangi yenyewe inapungua. Tyubu ngapi mkuu?

Parachichi_Uyole:
Sawa, mnaniona mbaya lakini nieleze.

Mchanganyiko wa kwanza niliwajaribishia watu watano wa nyumbani. Watatu waliwashwa, mke wangu akavimba mkono usiku mzima, tukamwekea maji baridi. Nikaona dawa ni nzuri ila ni kali. Nikaweka klobetasoli ya kutuliza, tyubu kumi za gramu 25 kwa kila kilo inayotoka. Inauzwa duka lolote, sio bangi. Baada ya hapo ndiyo nikawaita wale 11, na wote safi. Sasa kosa liko wapi? Nimetuliza ukali, nimepima, imekubali. Stika 300 nimeshachapisha zimeandikwa "Imekubalika na ngozi zote".

Mama_Tumsifu:
Yesu wangu. Mkorogo huo!

Dirisha_la_Dawa:
Tyubu kumi mara 25 ni gramu 250. Robo ya kopo lako ni dawa ya tyubu za klobetasoli, na hiyo ndiyo kundi la juu kabisa la steroidi za kupaka. Hata daktari akiiandika kama ilivyo, kawaida ni wiki mbili mfululizo zisizidi, na gramu 50 kwa wiki zisizidi. Wewe unataka mama ampake mtoto mwenye mapunye.

Kosa liko hivi. Kipimo kinauliza ngozi: hiki kitu unakivumilia? Wewe umeiziba ngozi mdomo halafu ukaandika kwamba imekubali. Anayekwenda kupimwa mzio huambiwa asipake steroidi mgongoni siku kadhaa kabla, maana matokeo yatadanganya. Wewe umeichanganya humo humo. Wale 11 hawakupima dawa yako, wamepima klobetasoli. Waliojibu kweli ni wale watano wa kwanza, na ukawatupa.

Na fangasi je? Steroidi inazima muwasho na wekundu, mgonjwa anafurahi, fangasi chini anatambaa. Akija dirishani kwangu baada ya mwezi, ile duara haina hata umbo la duara.

Mnyalu_Og:
Nimesoma mpaka hapa nikicheka peke yangu hapa Ipogolo. Wakuu mnalishwa CHAI. Watu 11 wa kwaya, Uyole, mwezi wa saba, wanapaka dawa asubuhi na jioni? Uyole mwezi wa saba mtu haoneshi hata shingo. Ninyi mmeshaona mkono wa mtu wa Uyole mwezi huu? Halafu mtu wa kawaida anajua Whitfield ametoa wapi? Hapa kuna mambo mawili: ama ni tangazo, ukurasa wa tatu atamwaga namba ya simu, ama kuna mtu anauza dawa kweli na huyu kaja kumchafua kabla ya Nanenane.

Kande_Moto:
Mimi nilishaanza kuhisi kwenye soda na 5,000. Mwanakwaya gani anapewa hela bila kugombana?

Bro_Tunduma:
Kama ni chai basi nirudishiwe ushauri wangu wa kopo.

Parachichi_Uyole:
Mnyalu, ndiyo maana nilipaka karibu na kiwiko na sio mgongoni. Unakunja mkono wa sweta mara moja, unapaka, unashusha. Whitfield nimeisoma kwenye boksi la dawa ya mwanangu. Namba ya simu sitoi. Kama ni chai mbona mimi ndiye sijalala?

Nesi_Makambako:
Msamehe, kijana ana hofu. Mimi nimestaafu. Miaka ile ya bweni, shule siitaji, ulizuka upele mabweni mawili. Ikaja ile dawa nyeupe, BBE. Wasichana tukapangwa mstari asubuhi, baridi ya kutoa moshi mdomoni, matroni ana brashi ya kupakia rangi na ndoo. Shingo mpaka nyayo. Aliyejikuna akawa na mchubuko alilia mpaka mlinzi akaja. Na hakuna aliyeulizwa anakubali au hakubali. Nilipokuja kuwa nesi ndiyo nikajua ile dawa ilikuwa halali kabisa, ilipimwa, lakini hata dawa halali mtu anaambiwa kwanza: itawaka, itachukua dakika kadhaa, ukitaka kuacha sema.

Hao wanakwaya wako wanadhani ni dawa ya asili. Kawaambie. Wale wanne mwambie kila mmoja peke yake, sio mbele ya mwalimu wa kwaya.

Dirisha_la_Dawa:
Iwe chai iwe uji, wapo wanaofanya hivi kweli, kwa hiyo namalizia. Kujaribu dawa kwenye miili ya watu ni utafiti. Kunahitaji kibali cha maadili, NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa, na mtu asaini akijua kilichomo na akijua anaweza kujitoa muda wowote. TMDA wana ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya. Usiende na kopo la sasa kutafuta kibali, nenda na maswali. Na usiwakimbilie TBS, shirika la viwango, ukisema ni kipodozi, steroidi kwenye kipodozi hairuhusiwi.

Na kitu kimoja cha nyumbani: mke wako alivimba kwa kitu gani? Nta umetoa wapi?

Parachichi_Uyole:
Nta ya Chunya, ghafi. Huwa naiyeyusha na kuchuja kwa kitambaa.

Dirisha_la_Dawa:
Nta ghafi huwa na gundi ya nyuki ndani, ile ya kahawia inayonata. Inajulikana kuleta mzio. Inaweza kuwa hiyo, inaweza kuwa asidi. Mpeleke mkeo kliniki ya ngozi apimwe kimoja kimoja, usibahatishe tena kwenye mkono wake.

Parachichi_Uyole:
Wakuu nimerudi, imepita wiki. Meza nimemwachia jamaa wa asali. Dawa nimeisimamisha.

Nilijibandika mwenyewe mgongoni, mke ndiye aliyebandika: nta ile ile ya Chunya upande mmoja, mafuta mgando matupu upande mwingine. Alipobandua hakukuwa na kitu. Siku ya nne akapitisha kidole, akasema upande wa nta kuna duara la ukubwa wa kizibo cha soda, limeinuka, kama unashika ngozi ya kuku. Mafuta mgando safi. Tumekaa kimya kidogo. Kliniki tunaenda wote wawili.

Wanakwaya nimewaambia. Saba wamenielewa, wawili hawanisalimii. Mmoja wa wale wanne mkono umeanza kuchubuka alipoacha, nimempeleka kwa daktari kwa hela yangu.

Mwingine wa hao wanne kanitumia ujumbe jana usiku: "Shemeji, naomba ile ya mwanzo hata kopo moja. Nitakulipa. Nataka mkono wa pili ufanane na huu."

Nimjibuje?