Maneno hasi Google Ads: nimezuia "kazi" na "bei", simu zimekauka

baridi_sinza

Wakuu, salaam. Nina kampeni ya utafutaji ya matengenezo ya friji na AC za majumbani, Dar es Salaam tu, bajeti Sh 20,000 kwa siku. Maneno ninayolipia ni ya ulinganishaji mpana (tangazo hutokea hata kwa utafutaji unaokaribiana na neno langu): fundi friji, fundi ac, kujaza gesi. Ripoti ya maneno yaliyotafutwa ilijaa watafuta ajira na watu wa kununua friji mpya, kwa hiyo nikaweka maneno hasi manne (yaani ya kuzuia tangazo lisitokee mtu akiyaandika), yote mapana: kazi, bei, bure, jinsi. Kliki za hovyo zimepungua kweli, ila simu za wateja nazo hazilii. Kosa liko wapi? Orodha zote ninazokuta mtandaoni ni za Kiingereza.

kliki_na_shilingi

Mkuu, toa "kazi" sasa hivi, mengine utasoma baadaye. Mtu ambaye friji imemfia anaandika nini? "Friji haifanyi kazi." "AC haifanyi kazi vizuri." Neno hasi pana la neno moja linazuia utafutaji wowote wenye neno hilo, popote lilipokaa. Umemfungia mlango mteja ambaye nyama yake inaharibika na anataka fundi leo.

Kabla ya kuweka neno lolote, jiulize lina maana ngapi kwetu. "Ajira" na "mshahara" yana moja tu kwenye biashara yako, kwa hiyo yaweke mapana. "Kazi" ina mbili, basi izuie ndani ya alama za nukuu ikiwa na wenzake: "nafasi za kazi", "nafasi ya kazi", "natafuta kazi", "kazi ya ufundi". Alama hizo zinadai maneno yafuatane vilevile bila kitu katikati. Ukitumia mabano ya mraba, utafutaji lazima uwe huohuo, bila neno la ziada.

"Jinsi" si mbaya sana, ila andika "jinsi ya". Usije ukazuia "kutengeneza" kwa kudhani unawakwepa wanaojitengenezea wenyewe. Neno hilo ndilo mteja wako analotumia: "fundi wa kutengeneza friji".

Na lile neno lako "kujaza gesi" bila friji wala AC linakuletea watu wa mitungi ya kupikia. Lirekebishe lenyewe kwanza, liwe "kujaza gesi friji". Halafu weka hasi: mtungi, mitungi, kupikia, jiko, majiko.

mama_matangazo

Naongezea jambo moja ambalo wengi hawalijui. Neno unalolipia hutanuka lenyewe, Google hulipeleka hadi kwa visawe. Neno hasi halitanuki hivyo. Tangu 2024 linakamata makosa ya tahajia, basi. Umoja na wingi ni vitu viwili, na kisawe hakiguswi kabisa. Kwa Kiswahili chetu, chenye ngeli na mchanganyiko wa Kiingereza, kila wazo unaliandika mara tatu nne:

spea, vipuri, kipuri
chuo, vyuo, kozi, veta
mtumba, mitumba, used
gari, magari (kama hugusi AC za gari)

Halafu viunganishi, kama hutaki kuzuia neno "spea" lote peke yake. "spea za friji" kwenye nukuu haizuii "spea friji" wala "spea ya friji". Hapo ni bora uandike pana, maneno mawili: spea friji. Pana yenye maneno mawili inazuia pale tu yote mawili yakiwemo, kwa mpangilio wowote. "Spea za friji Kariakoo" itazuiwa. "Spea za jokofu" itapita, kwa hiyo ongeza spea jokofu. Usizuie "Kariakoo" yenyewe, kuna wakazi na maduka yenye AC pale.

Kuhusu "bei", ningeiacha kabisa. Anayeuliza bei ana nia ya kulipa.

kliki_na_shilingi

Hapo dada nakupinga kidogo. "Bei ya friji" ni mtu wa dukani, na kwa bajeti ya Sh 20,000 hao wanaimaliza kabla ya saa sita mchana. Zuia kwa nukuu: "bei ya friji", "bei za friji", "bei ya jokofu", "bei ya ac", "bei za ac". "Bei ya kutengeneza friji" na "bei ya sevisi ya ac" zinapita salama, kwa sababu kuna maneno katikati.

mama_matangazo

Kwa nukuu, sawa. Kwa neno moja, hapana.

baridi_sinza

Nimeelewa. Na miji? Napata "fundi friji Morogoro", "fundi ac Mwanza".

mizania_dsm

Kwanza angalia mpangilio wa eneo. Ukiacha kama ulivyo, unawapata pia watu walioonyesha nia na Dar huku wako kwingine. Chagua walio ndani ya eneo tu. Baada ya hapo majina ya miji ni ya kumzuia mtu aliyeko Dar anayetafuta fundi wa kwao. Mwanza, Arusha, Dodoma weka bila wasiwasi. Morogoro na Bagamoyo subiri: Morogoro Road na Bagamoyo Road ziko mjini kwako, na watu wa Kimara na Tegeta hujielekeza kwa barabara hizo. Andika "fundi friji morogoro" kwenye mabano ya mraba na uishie hapo.

Mabano hayohayo ndiyo mtego wa ripoti. Ukiweka tiki kwenye utafutaji mbaya na kuuongeza kuwa hasi, mfumo huuweka kama hasi kamili, yaani ya mabano. Kesho unarudi na neno moja la ziada na unalipia tena. Badilisha aina kabla ya kuhifadhi.

Njia ya kuchagua: pakua ripoti ya siku 30, panga kwa gharama, kata kila utafutaji kuwa neno mojamoja kwenye Excel, jumlisha gharama na simu kwa kila neno. Neno lililokula mara mbili tatu ya gharama unayokubali kwa mteja mmoja, bila simu, lichunguze. Lakini kama simu na WhatsApp hazihesabiwi kama matokeo, safu ya simu itaonyesha sifuri hata kwa maneno mazuri, na utayakata. Pia ripoti huficha utafutaji wa nadra, kwa hiyo jumla haitalingana na bili.

Na kama kundi la matangazo ya friji ndani ya kampeni linaiba utafutaji wa AC, weka "ac" hasi kwenye kundi la friji, si kwenye kampeni nzima.