CD45 inabandua fosfati, mbona bila hiyo seli T haziitikii?

Chausiku_M: Habari zenu wakuu. Nasoma kinga ya mwili, mwaka wa 2, na kuna jambo limenikwama. Kipokezi cha seli T (seli nyeupe za kinga) chenyewe si kimeng'enya. Kikinasa antijeni (kipande cha kitu kigeni), kimeng'enya Lck kilicho ndani ya seli hubandika fosfati kwenye mikia ya ndani ya kipokezi, kimeng'enya kingine ZAP-70 hujishikiza hapo, ishara inaendelea. CD45, protini ya kwenye utando wa seli T, kazi yake ni kubandua fosfati. Nilitegemea seli isiyo na CD45 iwe kali kupita kiasi, kumbe haiitikii kabisa, na mtoto anayezaliwa bila CD45 hupata upungufu mkubwa wa kinga. Imekuwaje?

MzeeWaMaabara: Binti yangu, umeuliza la maana. Tazama fosfati imekaa wapi. Kwenye Lck, ikikaa tairosini ya 505 (amino asidi iliyo nafasi ya 505), mkia unajikunja na kunaswa na SH2, sehemu ya Lck hiyohiyo inayoshika tairosini yenye fosfati, kimeng'enya kinajifunga. Inayoibandika hapo ni Csk, kimeng'enya kingine, na inayoibandua ni CD45. Ukiiondoa CD45, Csk inabaki bila mpinzani. Antijeni ikija, Lck nyingi zimejikunja, haziwezi kazi. Inaniuma sana wanafunzi wanapokaririshwa kwamba kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfati) huwasha na fosfatasi (kinachobandua) huzima. Hapa fosfatasi ndiyo inayowasha!

Chausiku_M: Nashukuru sana mzee wangu. Na tairosini ya 394, CD45 haiigusi?

MzeeWaMaabara: Inaigusa, na hapo ndipo utamu ulipo. Fosfati ya 394 ndiyo inayoipa Lck nguvu, kwa hiyo CD45 ikizidi inapunguza makali. Hata kwenye mikia ya kipokezi, CD45 inabandua fosfati. Ndiyo sababu seli iliyotulia haijiwashi ovyo.

Daktari_Tanga: Niongeze kidogo kwa ruhusa ya mzee. Seli T ikigusana na seli inayobeba antijeni, pale kipokezi kinaponasa panabaki nafasi ya nanometa 15 hivi. CD45 ina sehemu ndefu ya nje, haiingii kwenye nafasi hiyo, inasukumwa pembeni. Lck iliyokwisha kufunguliwa inabaki na kipokezi, inabandika fosfati bila kubanduliwa. Mwaka 2012 watafiti John James na Ronald Vale waliijenga njia hii ndani ya seli zisizo za kinga kabisa, wakaiona CD45 ikitengwa na vipokezi. Kwa hiyo Chausiku, kwenye mchoro wako weka tando za seli zote mbili na urefu wa kila protini. Ukichora utando mmoja tu, jambo hili halionekani.