Tupeane uzoefu: pikipiki ya zamani inayogoma kuwaka na nyutro isiyopatikana

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu pikipiki zilizokula chumvi nyingi. Yangu ni ya cc 125 yenye kabureta, niliyoinunua mkononi mwa mtu mwaka 2011, na kwa miezi miwili ilinitesa kwa matatizo mawili niliyodhani hayahusiani: asubuhi stata (mota ya kuwashia injini) haikuitika kabisa, na kwenye foleni, injini ikiwa inanguruma, nyutro (hali ya kutokuwa kwenye gia yoyote) haikupatikana hata nikichokoa gia kwa ncha ya kiatu mara kumi. Nilinunua betri mpya, hali ikabaki vilevile.

Ndipo kijana mmoja wa gereji kule Mbagala akaniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza siku ya kwanza: pikipiki ikiwa inasukumika bila kizuizi na ufunguo umewashwa, je, taa ya kijani ya nyutro inawaka? Haikuwa inawaka. Katika pikipiki nyingi za aina hii, stata hupata njia ya umeme ama kupitia swichi ya nyutro, ama kupitia swichi ndogo iliyo kwenye mkono wa klachi. Kwa hiyo swichi ya nyutro ikifa, pikipiki huchukulia kuwa iko kwenye gia na hukataa kuwashwa. Aliniambia nibane klachi kisha nibonyeze stata, ikaitika papo hapo. Halafu alifungua kifuniko cha sproketi ya mbele, upande wa kushoto, akachomoa waya wa swichi na kuugusisha kwenye chuma cha injini, na taa ikawaka. Hapo tukajua kwamba waya na balbu ni vizima, na mgonjwa ni swichi yenyewe, iliyokuwa imezama kwenye grisi ya cheni na tope. Mpya ilinigharimu chini ya robo ya bei ya ile betri, ambayo hadi leo mke wangu ananiulizia.

Limebaki la pili, yaani nyutro yenyewe. Wenzangu mlilitatuaje?

Mchangiaji kutoka Morogoro:
Mkuu, injini ikiwa imezimwa, nyutro inaingia kwa urahisi? Kama inaingia, usimruhusu mtu apasue injini kutafuta gia mbovu, kwa sababu klachi ndiyo haiachii. Yangu ilipasuliwa bila sababu, tena na fundi ninayemheshimu, kumbe kebo ya klachi ilikuwa imerefuka. Mchezo, yaani mwendo mtupu kabla kebo haijaanza kuvuta, kwenye ncha ya mkono wa klachi unapaswa kuwa takriban milimita 10 hadi 20. Wangu ulikuwa unakaribia sentimita 4, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari ya mkono ilipotea kabla pleti za klachi hazijaanza kuachana. Nilirekebisha nati ya chini kwenye injini kwanza, kisha nikamalizia juu kwenye mkono. Usiukaze mpaka mchezo uishe kabisa, maana klachi itateleza na pleti zitaungua.

Mchangiaji kutoka Likoni, Mombasa:
Mwenzetu amesema pikipiki zilizokula chumvi. Yangu imeila kwa maana yake halisi, kwa kuwa hulala hatua chache kutoka baharini. Nikibonyeza stata, relei (swichi inayopeleka umeme kwenye stata) ilikuwa inalia tik na hapohapo kunyamaza. Nilipima betri nikakuta volti 12.6, na stata ilipobonyezwa ikashuka hadi 12.4 tu. Betri dhaifu ingeporomoka chini ya volti 10. Yangu haikushuka kwa sababu umeme haukuwa unafika kwenye stata. Nilifuatilia waya mnene wa erthi (unaorudisha umeme kwenye betri) hadi unapofungwa kwenye injini, nikakuta bolti imeota kutu ya kijani na nyeupe. Msasa, dakika ishirini na grisi kidogo juu yake vilitosha. Kwa wanaoishi pwani, ninashauri muanzie hapo kabla ya kugusa chochote kingine.

Mchangiaji kutoka Arusha:
Yangu huwaka asubuhi kwa kiki moja, lakini nikiizima sokoni baada ya safari ndefu, hugoma hadi ipoe. Nilibadilisha plagi tatu kabla ya kugundua kwamba tapeti, yaani nafasi ndogo zinazoachwa kwenye valvu, zilikuwa zimebana, hivyo injini ikipata moto valvu hazifungi vizuri na mgandamizo unapotea. Zipimwe injini ikiwa ya baridi.

Mleta mada:
Nimerudi kwa wa Morogoro. Ulikuwa sahihi kwa sehemu: mchezo ulikuwa mkubwa, na baada ya kuurekebisha, nyutro ilianza kupatikana injini ikipata moto, ila asubuhi ilibaki ngumu. Tulifungua kifuniko cha klachi tukakuta meno ya pleti yamechimba vishimo kwenye kingo za basketi (kikombe kinachoshika pleti za klachi), na pleti zilikuwa zinanasa humo badala ya kuteleza. Fundi alisawazisha kingo kwa tupa, kidogo sana na kwa usawa, tukaweka oili mpya ya pikipiki, si ya gari. Nimejifunza pia kutafuta nyutro nikitoka gia ya pili wakati magurudumu bado yanazunguka taratibu. Jana kwenye foleni ya Mwenge iliingia kwa mguso mmoja, na taa ya kijani ikawaka.