Kijana kaniuliza: mbona Waashuru hawakuandika habari za wale 185,000? Naomba ushauri

Mwalimu wa Zamu:
Wakuu, nafundisha darasa la vijana usharikani. Jumapili tulikuwa 2 Wafalme 19: Senakeribu mfalme wa Ashuru anaitishia Yerusalemu, Hezekia mfalme wa Yuda anaipeleka ile barua ya vitisho hekaluni, nabii Isaya anatuma jibu, usiku malaika anapiga watu 185,000 kambini. Nimenogewa kweli. Kijana mmoja wa kidato cha sita akanyoosha mkono: "Mwalimu, Waashuru si walikuwa na maandishi? Wao wanasemaje?"

Nikaangalia saa, nikasema muda umekwisha. Ilikuwa imebaki robo saa nzima.

Atauliza tena, namjua. Sitaki kumvunja imani, kumdanganya pia sitaki. Nianzie wapi?

Babu Kalamu:
Pole. Hiyo ya kuangalia saa tumeifanya wengi.

Wanasema mengi tu. Vita hiyo ya 701 KK Senakeribu aliiandikisha kwenye miche, yaani vinguzo vifupi vya udongo vyenye pande sita. Mmoja uko London, mwingine Chicago. Anajisifu kuwa ameteka miji 46 ya Yuda yenye ngome, ametoa humo watu 200,150, na Hezekia amemfungia Yerusalemu kama ndege tunduni. Sasa msomee kijana hapo polepole: hasemi popote kwamba mji ameuteka. Mtu anayejisifia kila kijiji, akifika Yerusalemu anahamia kwenye hesabu ya ushuru.

Mwalimu wa Zamu:
Ushuru tena? Si Hezekia ndiye aliyeokolewa?

Babu Kalamu:
Rudi sura moja nyuma, 18:14-16. Wahubiri wengi huruka hapo. Hezekia aliomba radhi, akalipa, mpaka dhahabu ya milango ya hekalu akaibandua. Biblia inataja talanta (kipimo cha uzito) 30 za dhahabu na 300 za fedha. Mche nao unasema dhahabu 30, ila fedha 800. Maadui wawili wanakubaliana kwenye dhahabu! Mimi ningeanzia hapo, muujiza ungekuja baadaye.

Sina Upande:
Babu, usimpake mafuta. Mche hautaji jeshi kufa, basi. Mfalme gani angeandika? Ila kunyamaza kwake si ushahidi wa malaika. Herodoto, mwanahistoria Mgiriki, naye anasimulia kuwa jeshi la Senakeribu lilivamiwa usiku na panya huko Misri, wakatafuna podo na pinde zao. Wapo waliohisi tauni humo. Ni mahali pengine, na Herodoto aliandika zaidi ya miaka 200 baadaye, kwa hiyo mpe kijana kama simulizi tu.

Mtoto wa Pwani:
Na hiyo namba je? Kiebrania ni *elef*, ndugu wa "elfu" yetu tuliyopewa na Kiarabu. Mahali pengine neno hilo lina maana ya ukoo au kikosi, ndiyo maana wapo wanaopunguza hesabu. Mimi sijashawishika, sentensi yenyewe inasomeka kama elfu za kawaida. Lakini kutia chumvi kwenye namba za vita kulikuwa desturi ya enzi hizo, na hao 200,150 wa Ashuru pia wana chumvi yao.

Sina Upande:
Hapo tumeelewana.

Dada Kushi:
Msimsahau Tirhaka wa Kushi, 19:9. Ni mtu wa Sudan ya leo, na watu wake ndio walioitawala Misri wakati huo. Vijana wetu wakisikia hilo huwa wanakaa wima.

Mwalimu wa Zamu:
Asanteni sana. Nitawapa makundi mawili: moja lisome sura ya 18 na 19, jingine lisome maneno ya mche, kisha waambiane wamekuta nini. Muujiza nitasema wazi kwamba mimi nauamini, na kwamba udongo wa Ashuru hauwezi kuuthibitisha wala kuukanusha.

Moja la mwisho. Nimeona zile picha zilizochongwa kwenye kuta za Ninawi, mji wa Senakeribu, zinazoonyesha kutekwa kwa Lakishi, mji wa Yuda. Kuna watu wametundikwa mitini. Darasani nina watoto wa miaka 14. Nionyeshe?

Babu Kalamu:
Waliotundikwa waache. Onyesha ile familia inayotolewa mjini na mkokoteni wa ng'ombe, wanawake na watoto wamekaa juu ya mizigo. Na safari hii usiangalie saa.